Kinect ya Xbox 360: mikono inarukaruka, shida ni sensa au chumba?

Gemu_Mwanjelwa: Wakuu, salaam. Chumba cha gemu kina mita 2.6 kutoka kwenye TV hadi ukuta wa nyuma, na Kinect, ile kamera ya mashine ya gemu ya Xbox 360 inayosoma miondoko ya mchezaji, iko juu ya TV. Kwenye gemu la ngumi, mikono ya mchezaji inarukaruka kwenye skrini na miguu inapotea. Kuanzia saa tisa alasiri ndiyo haichezeki kabisa. Ninunue nyingine?

Fundi_Uyole: Shika hela yako kwanza, mkuu. Sensa hiyo kwa wima inaona nyuzi 43 tu. Mtu akisimama mita 2.2 kutoka kwenye kamera, inaona kimo cha mita 1.7 hivi. Akiinua mikono, ama vidole vinakatwa ama nyayo, na kiungo kisichoonekana programu inakibahatisha. Microsoft wenyewe walishauri mita 1.8 kwa mchezaji mmoja, 2.4 kwa wawili. Hapo kwako acheze mmoja mmoja, mgongo karibu na ukuta.

Hiyo ya saa tisa ni jua, bila shaka dirisha linatazama magharibi. Sensa inarusha vidoa vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kukadiria umbali kwa jinsi vinavyosogea. Jua nalo lina infraredi, linavimeza. Pazia jepesi halitasaidia kitu, weka zito. Balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka ndani, nayo itoe, funga ya LED.

Kalenga: Watazamaji je? Inatambua watu 6 ila inafuata viungo vya 2 tu, kwa hiyo dogo akikatiza mbele anaweza kumnyang'anya mchezaji nafasi. Benchi likae nyuma ya usawa wa sensa. Halafu baridi hii ya Mbeya, watu wanacheza na makoti! Koti refu linaficha nyonga na magoti. Jaketi jeusi la ngozi linarudisha mwanga kidogo mno.

Gemu_Mwanjelwa: Dirisha ni la magharibi kweli. Na ile ya Xbox One?

Fundi_Uyole: Ni bora: nyuzi 60 wima, viungo 25 badala ya 20. Ila haiingii kwenye 360. Inataka Xbox One, au kompyuta yenye USB 3.0 pamoja na adapta yake. Na ngumi ya kunyooka kuelekea kamera inazisumbua zote mbili, maana inafunika kiwiko na bega. Mchezaji ageuke kidogo tu. Akikaa ubavu kabisa, kiwiliwili kinaficha mkono wa pili.