Gari ya familia inanuka petroli nikijaza ful tenki, na inagoma kuwaka

MamaWawili_Chumbageni
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla hela haijatoka bure. Tuna gari ya siti saba ya petroli, mtumba wa Japani, hapa Tanga mjini kupeleka watoto shule haina neno. Balaa ni tukitaka kusafiri, nikijaza ful pale sheli nikiwasha inazungusha weee haishiki, mpaka nikanyage mafuta ndo inawaka kwa kukohoa na kimoshi cheusi, na kuanzia hapo watoto wa siti ya nyuma wanalalamika harufu ya petroli. Juzi tumeenda Lushoto, tulivyoanza kupanda pale Mombo tukashusha vioo vyote na mdogo akatapika. Mafuta yakifika nusu harufu inaisha yenyewe na inawaka fresh tu. Chini hakuna hata tone. Fundi mmoja anasema pampu imekufa, mwingine anasema mafuta ya kuchakachua. Nimsikilize nani?

KijanaWaNgamiani
Badilisha pampu dada usihangaike. 2020 Toyota waliita mamilioni ya magari duniani sababu ya pampu za mafuta, kipangaboi cha plastiki cha ndani kilikuwa kinavimba.

Spana14
Kijana, hiyo ya 2020 ni kweli ila dalili yake gari inakosa nguvu au inazima njiani, sio harufu. Na pampu ikichoka kawaida inasumbua mafuta yakiwa kidogo, maana petroli ndo inayoipoza. Ya dada ni kinyume, inasumbua ikishiba.

Dada pole, mi naona una magonjwa mawili. La kugoma kuwaka: mvuke wa petroli kwenye tenki unahifadhiwa kwenye kopo la mkaa, halafu kuna kivalvu kule mbele kinaupeleka kwenye injini ukaungue ukiwa unatembea. Kikiganda wazi, ukijaza mafuta mvuke wote unakimbilia injini na injini inalewa, ndo maana ukikanyaga, hewa ikiingia, inakubali. Kukipima hakuna gharama, zima gari kichomolewe kipulizwe, bila umeme hakitakiwi kupitisha hewa. Na mwambie kijana wa sheli bomba likikata lenyewe aishie hapo. Ile tabia ya kuongezea kidogo kidogo ili hela iwe kamili ndo inapeleka petroli kwenye kopo la mkaa, na likishalowa limeharibika.

Babu_Pongwe
Hata mi nilikuwa nataka kusema mafuta machafu ila mafuta machafu yangesumbua mpaka tone la mwisho. Hiyo harufu mwambie fundi anyanyue siti ya nyuma, magari mengi ya hivyo kuna kifuniko cha bati na chini yake ndo mfuniko wa pampu. Aangalie kama vumbi pale juu limelowa na kufanya tope jeusi. Mfuniko ukiwa na ufa au mpira wake umekauka, mafuta yakijaa yanavujia juu, ukipanda mlima ndo yanazidi, halafu yanakauka yenyewe chini huoni kitu. Atumie tochi, na wavuta sigara wakae mbali.

MamaWawili_Chumbageni
Babu shkamoo, umepatia!! Leo kafungua, tope lipo hivyo hivyo ulivyosema na mfuniko una ufa kama unywele karibu na paipu ya kutolea mafuta. Kivalvu nacho kimepulizwa kinapitisha hewa. Sasa fundi anasema ufa ataziba na gundi ya chuma tuendelee kutumia, ni sawa?

Babu_Pongwe
Marahaba mwanangu. Gundi hapana, paipu hiyo ina presha na petroli itaila tu, na wanaokaa juu yake ni watoto. Tafuta mfuniko mzima hata wa mtumba, ila mpira wake nunua mpya.

Spana14
Naunga mkono. Kivalvu usinunue kabla hujachukua namba zilizoandikwa ubavuni, vinafanana sana ila soketi zinatofautiana. Kwa sasa usivuke nusu tenki.