MJADALA: Tela zizuiwe kushuka Kitonga usiku, au zisimamishwe juu zikaguliwe breki?

Wakuu, salaam.

Naleta hoja hii nikijua humu kuna madereva, mautingo, wamiliki wa magari, askari wa usalama barabarani, na abiria wa mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea ambao wote tunapita mlima uleule. Kila lori linapotumbukia korongoni Kitonga, au linaposhindwa breki kwenye miteremko ya Mbeya, wito unaoibuka ni mmoja: magari yenye tela yapigwe marufuku milimani usiku.

Mimi napinga marufuku hiyo. Sisemi mambo yako sawa. Nasema itabadilisha saa ya kushuka na kuziacha breki zilivyo. Ninachodai ni kituo cha lazima juu ya mlima, mchana na usiku. Kila gari linalovuta tela lisimame hapo, lipimwe breki, kisha liruhusiwe kushuka kwa gia nzito, yaani ya chini, moja baada ya jingine kwa kupeana nafasi.

Kwa wasiopajua: Kitonga ipo wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kwenye barabara ya TANZAM, ile ya kutoka Dar kwenda Zambia. Ukitoka Dar unapita Mikumi, unafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, unapita Mahenge, halafu unaanza kupanda kona kwa kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka unatokea upande wa Ilula kwenye nyanya. Anayetoka Dar anapanda, anayetoka Tunduma anashuka. Huyu wa Tunduma mara nyingi kabeba shaba ya Zambia au ya Kongo, mzigo ambao ukiutazama juu ya tela unaona kama nusu ya gari ni tupu, kumbe uzito umetimia. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56, gari na mzigo wake. Ndizo zinazoteremka pale, dereva akiwa ameshaendesha mamia ya kilomita.

Sasa twende kwenye breki, maana hapa ndipo mjadala huwa unapotea. Taarifa za ajali husema "gari lilifeli breki" kana kwamba breki ilikufa ghafla kama taa. Mara nyingi haikufa ghafla. Gari la tani 56 likishuka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo, nguvu yote ya uzito ule lazima iishie kwenye joto mahali fulani. Joto hilo linatosha kuchemsha lita zaidi ya 150 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Na hizo ni mita 100 tu. Mlima una zaidi ya hapo. Dereva akitumia gia nzito na breki ya injini, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na injini na joto linatoka kupitia ekzosi na rejeta. Akiitegemea pedali peke yake, joto lote linabaki kwenye dramu, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu. Dramu ya chuma ikipata moto inatanuka, inajitenga na laini za breki zinazoikwaruza kwa ndani, na laini zenyewe zikiungua zinapoteza mkwaruzo. Dereva anakanyaga, upepo unaosukuma breki upo, geji inasoma vizuri, lakini gari halishikiki. Moshi unatoka kwenye magurudumu, na ile harufu ya laini zilizoungua kila aliyewahi kukaa Mahenge anaijua.

Kwa hiyo wazee walisema kweli: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukifika kwenye ukingo ukiwa na gia nyepesi, ukasubiri mwendo uchanganye ndipo ubadilishe, umechelewa. Kwenye giaboksi nyingi za malori mwendo ukishakuwa mkubwa gia ya chini haiingii tena, na ukiitoa ile uliyokuwa nayo unabaki frii, yaani bila gia, na tani zote mgongoni.

Na hili la frii naomba tulizungumze bila kufichana. Wapo madereva wanaoshusha gari frii ili wabakize dizeli. Kwenye injini za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, mfumo unakata dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiwa frii, injini inaunguruma yenyewe na inakunywa. Mlimani hakuna unachookoa. Unachofanya ni kuitupa breki iliyo bora kuliko zote ulizonazo.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni breki za tela lenyewe. Kichwa, yaani gari linalovuta, kinaweza kuwa kizuri, kina matunzo, kina bima kubwa. Tela linabadilishwa mikono: leo linavutwa na kichwa hiki, kesho kile, na pengine mwenye kichwa siye mwenye tela. Nani anakaza breki za tela? Nimeona tela ambazo mipira ya upepo imefungwa kwa vipande vya tyubu, na magurudumu ambayo chemba zake, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki, zilikuwa zimezibwa kabisa ili upepo usivuje. Gari la namna hiyo kwenye tambarare za Mbarali linasimama vizuri tu, kwa sababu kichwa kinabeba kazi ya wote wawili. Kwenye kona ya Kitonga breki za kichwa zinashika, tela halishiki, linasukuma kutoka nyuma, na kichwa kinakunjwa kuelekea tela lake mwenyewe. Hapo usukani hausaidii.

Kuna pia dereva anayeshuka kwa breki ya mkono ya tela peke yake, akidhani anapumzisha kichwa. Anaunguza ekseli za nyuma zote kabla hajafika nusu ya mlima.

Turudi kwenye marufuku ya usiku. Mabasi yalikuwa yamezuiwa kusafiri usiku kwa miaka mingi, na mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Kwa hiyo hoja ya wenzangu ni kwamba, kama mabasi sasa yanapita usiku, basi malori yaondolewe. Naielewa. Lakini hebu jiulizeni malori yatalala wapi. Yatajazana Ilula kwa upande wa juu na Mahenge kwa upande wa chini, pembezoni mwa lami, bila choo wala taa. Alfajiri zuio likifunguliwa yatateremka yote kwa mkupuo, pua kwa mkia, saa ambayo watoto wanakwenda shule. Halafu usiku una faida moja ambayo madereva wanaijua: kwenye kona iliyofichwa na mwamba, taa za anayekuja unaziona kabla hujamwona yeye. Mchana hupati onyo hilo.

Tatizo la usiku ni usingizi, na gari bovu lililofia mlimani bila alama. Utingo anakata matawi anayatandika nyuma ya gari, anakinga tairi kwa mawe. Gari likipona linaondoka, mawe yanabaki kwenye lami. Basi linalofuata linayakwepa kwa kuingia upande wa anayeshuka. Hilo linahitaji gari la kuvuta mabovu likae pale pale saa zote, na faini kali kwa anayeacha mawe. Na hata mawe yakiondolewa, tela ndefu kwenye kona kali lazima ichukue nafasi, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa, yanakatiza kwa ndani. Dereva asipojitanua anapanda ukingo; akijitanua anaingia upande wa mwenzake. Wenye magari madogo mnaopita katikati ya kona mkidhani lori limewapisha, halijawapisha. Linatafuta njia ya tela.

Hicho kituo kingefanya nini? Simaanishi jengo la mamilioni. Dereva anasimama, anajaza upepo, anazima injini, anakanyaga breki na kushikilia. Utingo anazunguka akisikiliza mvujo kwenye kila mpira. Kisha anaingia chini na chaki: anaweka alama kwenye fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki, dereva anakanyaga, anapima kwa rula imetoka kiasi gani. Kwa zile chemba za kawaida za saizi ya 30, ikizidi takribani sentimita 5 breki hiyo imelegea na inatakiwa kukazwa kabla ya kuondoka. Chaki na rula. Gurudumu kwa gurudumu, kichwa na tela, haichukui muda wa kumaliza sahani ya wali. Katikati ya mteremko kuwe na sehemu ya pili ya kusimama, ambapo unasogeza kiganja karibu na dramu bila kuigusa: gurudumu lililo baridi wakati mengine yana moto ndilo lisilofanya kazi.

Wenzetu Afrika Kusini wana mfano wa kujifunza. Kwenye mlima wa Van Reenen, barabara ya N3 kutoka Johannesburg kwenda Durban, malori husimama kwa lazima kabla ya kuteremka. Na pale Field's Hill, karibu na Durban, lori liliua watu 24 Septemba 2013, baada ya hapo malori mazito yakazuiwa kushuka njia ile. Wanaotaka marufuku watasema, si unaona? Lakini Field's Hill ina njia mbadala jirani, N3 yenyewe. Sisi tukifunga Kitonga tunawapeleka wapi? Wazungukie Dodoma, washuke Nyang'oro, mlima mwingine wenye kona zake? Zuio lina maana pale penye njia ya pili. Reli ya TAZARA ipo, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na mimi ni wa kwanza kutaka shaba irudi relini. Mpaka hapo, malori yatashuka.

Naomba michango, hasa kutoka kwa walioshika usukani pale.

NYONGEZA baada ya michango ya mwanzo:

Ndugu wa Nakuru, Kenya, amekumbusha ajali za kwao za Salgaa na Sachangwan, na ya njia panda ya Londiani, ambapo Juni 30, 2023 lori lilivamia watu na wafanyabiashara kandokando ya barabara na watu 52 wakafariki. Asante. Hilo linatuhusu moja kwa moja. Tunaweka magenge, stendi na vituo vya bodaboda chini kabisa ya miteremko, mahali ambapo gari lililoshindwa breki litafikia. Mahenge, Mbalizi, Uyole, tazameni mahali masoko yetu yalipo. Hapo nakubali niliisahau hoja ya kurekebisha barabara yenyewe: njia ya kukimbilia, ile ya kokoto nyingi na laini inayopanda pembeni ili lori lizame na kusimama, inahitajika kabla ya gari kufika kwa watu.

Mzee mwenye magari anasema kituo kitakuwa mahali pengine pa kutoa "chochote kitu" na gari lipite. Mzee wangu, hofu yako ni ya haki, na ndiyo maana nataka kipimo kifanywe na dereva na utingo wenyewe, kiandikwe kwenye kadi inayobaki ndani ya gari, mkaguzi apime machache kwa kushtukiza. Malori haya tayari yanasimama mizani ya Wenda kupimwa uzito. Kama tunaweza kupima kinachobebwa, tunaweza kupima kinachokizuia. Ila nawe nikuulize: dereva wako akikupigia kutoka Ilula kwamba breki za tela zimelegea, unamwambia alale hapo akaze, au unamwambia meli inasubiri Dar?

Dada mmoja, mke wa dereva, ameandika kwamba mumewe analipwa kwa tripu, na kila saa anayosimama ni pesa ya watoto. Dada, umeleta jambo ambalo sheria ya breki pekee haiwezi kulitibu. Ningependa muda wa ukaguzi uandikwe kwenye mkataba kama muda wa kazi unaolipwa, na dereva anayekataa kushuka na gari bovu asipoteze tripu yake.

Kijana mwenye Land Cruiser aliyeuliza kuhusu kuvuta tela dogo la jenereta kwenda Lushoto: kanuni ni zilezile. Mzigo mzito uweke karibu na ekseli, ukielemea mbele kidogo. Ukielemea nyuma tela litaanza kuyumba. Likiyumba usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke. Kutoka Soni kuteremka Mombo, weka gia ya pili au ya tatu mapema. Kanyaga breki imara kwa sekunde chache, mwendo ukipungua kidogo achia kabisa ipoe, ukichanganya tena rudia. Usiuweke mguu juu ya pedali mlima mzima. Na minyororo ya usalama ifungwe kwa kupishana chini ya ndoano, si kuning'inia.

Swali linalobaki kwa madereva: kituo kikae wapi hasa? Baadhi yenu mnasema Ilula penyewe, kuna mafundi na chakula. Wengine mnasema mbele zaidi, karibu na ukingo, ili mtu asipitilize. Na kwa askari mlio humu: anayekataa kusimama, mnamshikaje akishaanza kuteremka?