CPAP ya mapovu: mapovu yanakatika kila mara, mtoto njiti wa wiki 30. Naomba ushauri

Nesi wa zamu, Makete
Kamwene wakuu. Mtoto njiti, wiki 30, kilo 1.3, ana saa 14 tangu azaliwe, yuko kwenye CPAP (kifaa kinachosukuma hewa puani muda wote ili mapafu yasinywee). Mpira wa kutolea hewa umezama sentimita 5 kwenye chupa ya maji, hewa lita 6 kwa dakika, oksijeni 40%. Kila baada ya nusu saa mapovu yanakatika na kipimo cha oksijeni ya damu cha kidoleni kinashuka hadi 84%. Tukiongeza oksijeni kinapanda, halafu yale yale. Maji nayo yanajaa kwenye mpira wa kutolea hewa. Tunakosea wapi?

Fundi vifaa tiba, Iringa
Dada, mapovu yakikatika usikimbilie oksijeni. Hewa inavuja mahali, na ikivuja shinikizo linaondoka. Chomoa mirija ya puani, ziba matundu yake kwa vidole vyenye glovu. Mapovu yakirudi, mashine haina shida, uvujaji uko kwa mtoto. Yasiporudi, kagua kifuniko cha chupa ya unyevu, kila kiungio, kisha mtiririko wa hewa.

Kwa mtoto, sababu kubwa ni mirija midogo kuliko tundu la pua. Ijaze tundu bila kuifanya ngozi kuwa nyeupe, na ibaki milimita 2 kutoka ukuta wa kati wa pua. Ikiugusa, kidonda huanza mapema. Mdomo ukiwa wazi, shikilia kidevu kwa mkanda laini. Weka kitambaa kidogo chini ya mabega ili shingo isikunjike.

Maji ya kwenye mpira ni ya baridi ya huko kwenu: hewa ya moto yenye unyevu inapoa njiani. Yakijaa, shinikizo hupanda bila wewe kujua. Mpira ukae chini ya usawa wa mtoto, umwage kila saa, na uangalie alama ya sentimita 5 kwenye chupa, kwani maji ya chupa hupanda au hupungua.

Daktari wa watoto, Mbeya
Naongeza hili, maana huwapotosha wengi: mapovu yanaweza kuendelea vizuri huku pua ya mtoto imeziba kwa kamasi. Kwa hiyo tazama kifua, usitazame chupa peke yake. Upande mmoja ukigoma kupanda ghafla, fikiria hewa iliyotoka nje ya pafu, ita daktari palepale.

Mapafu ya wiki 30 hayana safaktanti ya kutosha, ule utando unaozuia vifuko vya hewa kunywea mtoto anapotoa pumzi. Hutosheleza karibu wiki ya 34 au 35. Shinikizo ndilo linaloshikilia vifuko hivyo mpaka hapo. Kwenye kipimo cha kidoleni lenga 90 hadi 95%. Oksijeni ya ziada ikimpeleka juu ya 95, ishushe, macho yake yako hatarini. Na kumbuka mwinuko: Mbeya mjini, karibu mita 1,700, hewa ya kawaida humpa mtoto oksijeni kama ya hewa yenye 17% pwani. Makete kuna sehemu zilizo juu zaidi, hivyo usishangae akihitaji kidogo zaidi ya vitabu.

Tumbo likijaa hewa litasukuma mapafu, basi mrija wa mdomoni hadi tumboni uachwe wazi. Joto lake 36.5 hadi 37.5, kofia isivuliwe: mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi zaidi.

Nesi wa zamu, Makete
Asante sana daktari. Akisahau kupumua je? Kafeini, dawa ya kuchochea kupumua, ipo.

Daktari wa watoto, Mbeya
Kafeini sitreti miligramu 20 kwa kilo kuanzia. Kwake ni 26. Baada ya saa 24, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo mara moja kwa siku. Mapigo ya moyo yakizidi 180 kwa dakika, sitisha dozi na umjulishe daktari. Shinikizo likifika sentimita 8 za maji na bado anahitaji oksijeni zaidi ya 60%, au anaacha kupumua mara kwa mara, piga simu ya rufaa kabla ya kuondoka, asafiri akiwa kwenye CPAP, kifuani kwa mama kama hali inaruhusu.

Mkunga, Rungwe
Kwa mama anayekuja na uchungu kabla ya wiki 34, asiye na dalili za maambukizi: deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kwenye msuli, kila saa 12, dozi nne. Andikeni muda wa kila dozi kwenye faili, wa wodi ya njiti wataulizia.