Tupeane uzoefu: mliorudi kwenye mbio ndefu baada ya kujifungua, mlianzaje?

MamaK_Moshi

Habari zenu wadau wa mbio. Mwanangu ana miezi saba. Kilimanjaro Marathon ni mwishoni mwa Februari, na moyo wangu uko pale uwanja wa Ushirika kwenye mstari wa kuanzia, kilomita 21 kama nilivyozoea kabla ya ujauzito. Mama mkwe anasema mzazi hakimbii mpaka mtoto aache ziwa. Wenzangu wa klabu kila Jumamosi wananiuliza narudi lini. Wote wananitakia mema, ila hakuna anayenieleza mwili unarudi kwa hatua zipi.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida. Arobaini yote nilikaa ndani, nikanyweshwa mtori asubuhi na jioni, na ninashukuru, maana nilitoka na nguvu. Nikaanza kutembea, kwanza mtaani, baadaye nikawa napandisha hadi Shanty Town. Nilipojaribu kukimbia polepole mkojo ukavuja. Si mwingi, lakini chupi ililoa, na tangu siku hiyo hata nikipiga chafya naogopa.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Klabu yetu imejaa wanawake waliozaa, na sijawahi kusikia hata mmoja akilitaja. Tunaambiana viatu vipi vizuri, nani kapunguza dakika ngapi. Naomba tuambiane na haya.

Pacha_Eldoret

Pole dada, na pongezi kwa mtoto. Huku kwetu mama kurudi kwa mbio si habari ya kushangaza. Faith Kipyegon, Mkenya wa mita 1,500, alijifungua Juni 2018, mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia Doha, na 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki kule Tokyo. Vivian Cheruiyot alipata mtoto 2013, akashinda mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya Beijing 2015. Peres Jepchirchir naye alipata binti 2017, na marathoni ya Olimpiki hiyo hiyo ya Tokyo, iliyokimbiwa Sapporo, akaichukua 2021.

Lakini soma hiyo miaka tena, tafadhali. Kipyegon alikaa mwaka mzima kabla ya kurudi mashindanoni, na mbio ndiyo kazi yake, ana kocha na watu wa kumsaidia. Watu hukumbuka medali, huo mwaka hakuna anayeuhesabu. Halafu mama wa miezi mitatu anayefanya kazi dukani anaambiwa, "Mbona Faith aliweza?" Hiyo huniuma sana.

Mimi nilizaa pacha kwa upasuaji. Mshono wa nje ulipona vizuri, ila tumbo lilikuwa na mwanya katikati, misuli imeachana. Unaweza kujipima: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, halafu papasa juu na chini ya kitovu. Vidole vikizama, misuli bado haijarudiana. Nilikuwa nataka kurudia sit-apu zangu za zamani, muuguzi mmoja akanizuia, kwa sababu tumbo lilikuwa linatokeza katikati kama paa la nyumba kila nikiinuka. Nikaanza na kupumua kwa tumbo, kuinua nyonga nikiwa nimelala, na kupanda ngazi polepole.

Jambo lingine ni damu. Nilikuwa naishiwa nguvu kwa kilima kidogo tu, nikidhani ni usingizi. Kupima, damu iko chini. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikaongeza maini na mboga za managu na terere. Usianze mazoezi magumu kabla hujapima.

Fizio_Dar

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo, na wazazi wanaokimbia ni wagonjwa wangu wa kila wiki, kwa hiyo nitaandika kidogo kirefu.

MamaK, kinachokupata kinawapata wengi. Misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa imebeba mimba miezi tisa, kisha ikavutwa wakati wa kujifungua. Ukikimbia, kila unapokanyaga chini uzito unaishukia. Mwongozo ulioandikwa Uingereza mwaka 2019 na wataalamu wa fani yetu unashauri mama asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu, na wengine watahitaji mpaka miezi sita au zaidi. Tarehe peke yake haitoshi. Unatakiwa uweze kutembea dakika 30 mfululizo, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kukimbia papo hapo dakika moja, na kuruka kwa mguu mmoja mara 10, yote hayo bila maumivu, bila kuvuja, na bila kuhisi kitu kizito kinashuka ukeni. Hisia hiyo ya uzito ikija, simama na uende ukapimwe.

Mazoezi ya kubana: bana kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia sekunde chache huku ukipumua, kisha achia kabisa. Kuachia ni nusu ya zoezi, na wengi huisahau. Usiyafanye ukiwa unakojoa.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa yeyote anayesoma kimyakimya: mkojo unaotoka muda wote, hata umelala, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo si ya mazoezi. Inatibika, na hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam hutibu bila malipo. Usijifiche nyumbani.

Ukhti_Unguja

Asalaam alaykum. Mie nilikandwa maji ya moto na kufungwa mkanda na bibi yangu mzaa mama, na hadi leo namwombea dua kwa mikono yake. Ila aliponiona natoka alfajiri baada ya sala kwenda kukimbia Maisara, akaniambia nisimnyonyeshe mtoto nikirudi, maziwa yamechacha kwa joto. Nikamuuliza daktari. Maziwa hayaharibiki kwa mbio. Jasho kwenye chuchu ndilo linaloweza kumfanya mtoto akatae kwa chumvi yake, basi nafuta kwa kitambaa cha maji, nampa. Bibi alipoona mtoto ananyonya na anashiba, akanyamaza mwenyewe.

Nyonyesha kabla ya kutoka, dada. Matiti yakiwa mepesi hata pumzi inakuwa nzuri. Paka mafuta mgando kwenye chuchu, na sidiria ya zamani usiivae, kipimo kimebadilika. Na kunywa maji mengi. Joto la pwani na kunyonyesha vikikutana vinakausha.

Mdau_Ofisini

Kwa mlioajiriwa Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mimi nilikubaliana na mkuu wangu niziweke mwishoni mwa siku. Nafika nyumbani mapema, mtoto ananyonya, na kabla giza halijaingia nimeshakimbia na kurudi. Bila hiyo ningekuwa nakimbia usiku, na mtaani kwangu hilo haliwezekani kwa mwanamke.

BabaJ

Wanaume tuko wapi kwenye uzi huu? Jumamosi mke wangu ana mazoezi marefu, mtoto nabaki naye. Maziwa yaliyokamuliwa: mezani yasikae zaidi ya muda wa saa nne, kwenye friji siku nne. Chupa inapashwa kwa kuiweka ndani ya maji ya moto, haichemshwi jikoni. Mtu asikudanganye kwamba huwezi.

MamaK_Moshi

Nimesoma mpaka machozi, asanteni. Jioni hii nimefanya vile vipimo vya Fizio. Kutembea na kusimama nimeweza. Kuruka kwa mguu wa kushoto, mkojo umetoka. Basi 21 ya Februari naiacha. Nitajiandikisha zile kilomita 5, nitembee na kukimbia, na mama mkwe amekubali kuja na mtoto Ushirika.

Mlioko Moshi mkimjua mtaalamu wa fiziotherapia anayepokea wazazi, nitumieni ujumbe. Na Pacha, ulipoanza kukimbia ulianza na dakika ngapi?

Pacha_Eldoret

Dakika moja mbio, mbili kutembea, mara nane, siku tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Kama wiki nzima imepita bila kuvuja, ongeza mbio nusu dakika. Ukivuja, rudi hatua moja. Na anza kwa njia ya tambarare, usianze kwa kuteremka, kuteremka ndiko kunakogonga misuli zaidi.