Wapiga picha wa harusi Mwanza, filta mnazotumwagia zimezidi sasa

Wakuu nimevimba hapa nilipo, na modi naomba msiupeleke huu uzi jukwaa la picha maana huko watajazana wenyewe kujitetea.

Hivi nani kawaambia wapiga picha wa hapa Mwanza kwamba kila sura lazima isuguliwe mpaka ing'ae? Albamu ya harusi ya dada yangu imetoka juzi, hela imelipwa yote, humo ndani mama mkubwa nimemtambua kwa kitenge tu. Bibi yetu ana kovu juu ya nyusi, la tangu utoto, hakuna mjukuu asiyelijua, halipo! Limeondoka na makunyanzi yote, kabaki macho na meno, mweupe peee. Tulipiga pale Bismarck Rock, jiwe la watu linachapwa na jua na mawimbi miaka nenda rudi, nalo mpiga picha kalilainisha. Ila ile ya bi harusi peke yake ndo usiseme, dogo kamminya kiuno na likwifai, ile tuli ya Photoshop ya kusukuma na kubana maumbo, kasahau nyuma yake kuna maji, sasa mstari wa ziwa umebonyea hapo kiunoni halafu ukatokea upande wa pili, yaani Victoria yote imepinda kwa ajili ya kiuno cha mtu mmoja.

Nampigia ananiambia "bro ndo staili ya sasa". Staili ya nani?

Na msinidanganye eti programu ndo ilivyo, hizi kazi na mimi nimezishika. Blaa, ile filta ya kulainisha, inachukua kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, inaipa wastani wa jirani zake, ukipandisha rediasi, yaani umbali inaofika, inakula jirani wengi zaidi, sasa ukiimwaga picha nzima lazima ile na vinyweleo na nyuzi za kitenge, lesi ya gauni inageuka uji. Ndo maana kuna maski ya kuchagua filta iguse wapi, unapaka penye chunusi basi. Ndo maana Photoshop wakaweka smati filta tangu CS3, mwaka 2007 huo, filta inakaa juu, ikizidi unaipunguza au unaizima, picha yenyewe haijaguswa. Hata Ctrl+J ya kunakili leya, yaani tabaka la picha ili ufanyie kazi kwenye nakala, imemshinda. Kapiga moja kwa moja kwenye leya ya chini, kasevu JPEG juu ya faili lile lile, na JPEG haitunzi leya, kwa hiyo imetoka hiyo. Namwambia basi nipe RAW, yale mafaili ghafi ya kamera, ananijibu alipiga JPEG tupu na kadi keshaifomati kwa ajili ya kazi ya Sengerema. Keshaifomati!!!

Chunusi futeni, jasho la ukumbini futeni, hakuna aliyekataa. Ila rangi ya mtu mnaibadilisha kwa ruhusa ya nani? Ukoo mzima wa Kisukuma, weusi wetu tii, tumetoka rangi moja wote, bwana harusi, wapambe, hadi mzee wa kanisa.

Sasa mwezi ujao kuna sendoff Buzuruga. Nitajieni mpiga picha anayekubali kuandika kwenye risiti kabisa kwamba orijino zote nawekewa kwenye flashi kabla hajagusa chochote, na hela ya mwisho natoa nikishaziona. Akianza ooh huo sio utaratibu wetu, msimlete kabisa.