Mashine pepe mbili zinapewa anwani moja ya IP na DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao)

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninatumia KVM na libvirt, programu za kuendesha mashine pepe, kwenye kompyuta yenye Debian 12. Nilitengeneza mashine pepe ya Ubuntu Server 22.04, kisha nikainakili mara mbili kwa `virt-clone`. Kila nakala ikiwashwa peke yake hupata anwani bila shida, lakini nikiziwasha pamoja zote mbili hupewa 192.168.122.57, na SSH (njia ninayoingilia kwa mbali) inakatika-katika. Anwani za MAC, yaani namba za kadi za mtandao, nimezikagua, ni tofauti. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1
Ndugu, hakikisha kwanza kwamba maombi yanafika: endesha `tcpdump -ni virbr0 port 67 or port 68` kwenye kompyuta mwenyeji. Mara nyingi nimekuta ngome ya mtandao (firewall) ndiyo inayozuia.

Jibu la 2
Kwa heshima, ngome haihusiki hapa. Mashine ambayo maombi yake yamezuiwa haipati anwani kabisa, ilhali hizi zinapata. Mwuliza swali, washa zote mbili, endesha `virsh net-dhcp-leases default`, utuambie kuna mistari mingapi na safu ya mwisho inaanza na nini.

Mwuliza swali
Kuna mstari mmoja tu. MAC inayoonekana ni ya mashine iliyowashwa mwisho, na safu ya mwisho inaanza na `ff`, haibadiliki.

Jibu la 2
Basi ndiyo hiyo. Safu hiyo ni kitambulisho ambacho mashine hujitajia inapoomba anwani, na dnsmasq, ambayo ndiyo inayogawa anwani chini ya libvirt, hukitazama kabla ya kutazama MAC. Kingetokana na MAC kingeanza na `01`. Hiki kimetengenezwa na systemd-networkd, programu inayosimamia mtandao ndani ya mashine, kutokana na `/etc/machine-id`, faili lenye namba ya kuitambulisha mashine, ambalo `virt-clone` imelinakili kama lilivyo, kwa hiyo machoni pa dnsmasq mashine zako mbili ni mashine moja iliyobadilisha kadi ya mtandao.

Ndani ya kila nakala endesha `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, kisha uizime na kuiwasha. Usilifute faili lenyewe. Likiwa tupu, mfumo utaandika namba mpya unapowaka. Ukipenda kuliacha lilivyo, ongeza `dhcp-identifier: mac` kwenye faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu), chini ya kadi husika. Mimi hupendelea njia ya kwanza, kwa kuwa namba hiyo hutumiwa pia na journald, inayotunza kumbukumbu za mfumo, na kumbukumbu za mashine mbili zenye namba moja huchanganya ukizikusanya mahali pamoja.

Jibu la 1
Nimekosolewa kwa haki. Niongeze kwamba `virt-sysprep`, amri ya kuandaa mashine iliyonakiliwa, nayo husafisha faili hilo mashine ikiwa imezimwa, ila hufuta na funguo za SSH za seva. Kwenye Ubuntu huenda ukalazimika kuingia kwa konsoli na kuendesha `sudo ssh-keygen -A`.

Mwuliza swali
Nimetumia `truncate`. Sasa mistari ni miwili, na SSH haijakatika tangu asubuhi. Ahsanteni sana.