Mrejesho: protini ya misuli na mfuko mdogo

Jamani, nilikuwa nimeuliza mtu wa kilo 65 kama mimi, anayetaka kujenga misuli, ale protini ngapi kwa siku na hana pesa ya poda ya protini. Ile mloniambia ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili ndo nimeshika, yaani kama gramu 104 kwa siku, na yawezekana kabisa. Asubuhi mayai manne yanipa kama gramu 24, mchana maharagwe ama ndengu sahani imejaa, usiku dagaa wakavu wa soko la Kongowea, Mombasa, nawatoa vichwa nawakaanga na kitunguu na nyanya mpaka wakauke halafu natia ndimu, wallahi dagaa mkavu zaidi ya nusu yake ni protini tupu na bei yake rahisi. Mbaazi za nazi siachi. Mashati sasa yanabana mabegani. Asanteni sana, hasa ndugu aliyenambia hiyo protini niigawanye kwa kila mlo.